Kujifunza Udereva Uingereza kwa Aliyetoka Unguja au Pemba

Mtu akishapata ruhusa ya kwenda kuishi Uingereza, iwe kwa masomo, kwa kazi ya uuguzi au kwa kumfuata mume au mke, maswali yake juu ya udereva huwa ni yale yale. Leseni ya Zanzibar inatosha? Inaweza kubadilishwa huko bila ya mtihani? Nijifunze kwa gari ya gia au ya otomatiki? Na imekuwaje mtu aliyeendesha gari za shamba kwa miaka mingi afeli mtihani wa huko, tena zaidi ya mara moja? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio, ili anayejiandaa akiwa bado nyumbani na aliyekwisha kufika huko wote wapate pa kuanzia.

Kabla ya yote, lishike jambo hili, kwa sababu hatua nyingi zilizoko mbele zinalitegemea. Dereva wa Kizanzibari hafeli Uingereza kwa kutojua kuendesha. Upande wa barabara ni ule ule wa kushoto, na usukani uko kulia kama alivyouzoea. Kinachomwangusha ni macho. Barabarani kwetu watu huelewana kwa honi, kwa ishara ya mkono na kwa kutazamana, na mwenye ujasiri wa kutangulia hupishwa. Huko haki ya kupita imekwisha kuandikwa, kila mmoja anategemea kuwa mwenzake ataifuata, na mtahini anapima kama umetazama kabla ya kutenda. Kwa hiyo huendi kujifunza gari upya, bali unakwenda kujifunza kutazama upya.

Maelezo haya yanahusu gari ndogo, na yanahusu England, Uskoti na Wales. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka na taratibu zake. Ada nilizozitaja ni za wakati wa kuandika, nawe uzithibitishe katika tovuti rasmi ya serikali, gov.uk, kabla ya kulipa chochote.

Leseni yako ya nyumbani inakufikisha wapi

Ukiwa na leseni kamili na halali ya nyumbani, sheria inakuruhusu kuendesha gari ndogo kwa miezi 12 tangu siku ulipoanza kuwa mkaazi. Baada ya hapo leseni hiyo haikufai tena, hata kama tarehe yake ya kumalizika iko mbali. Zipo nchi ambazo leseni zao hubadilishwa bila ya mtihani, na kwa Afrika zimo Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini Tanzania haimo katika orodha hiyo. Maana yake ni kwamba utaanza na leseni ya lena, yaani ya anayejifunza, utafanya mtihani wa nadharia na kisha mtihani wa barabarani, sawasawa na kijana wa miaka 17 aliyezaliwa huko.

Usiitumie miezi hiyo 12 kama likizo. Wengi huendesha kwa utulivu mwaka mzima, kisha hushtuka wakati umebakia mwezi mmoja na nafasi ya mtihani hawaipati. Anayeendelea kuendesha baada ya muda kwisha anaendesha bila ya leseni, na kampuni ya bima inaweza kukataa kumlipia. Kuendesha bila ya bima adhabu yake ya kawaida ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa katika leseni, na polisi wanaweza kuichukua gari papo hapo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Uwe na pasipoti na uthibitisho wa ruhusa yako ya kuishi huko, ambao siku hizi umehifadhiwa kwa njia ya mtandao. Uwe na anwani unayoishi, pamoja na anwani zako zote za miaka 3 iliyopita, zikiwemo za Unguja au Pemba. Andika mtaa au shehia yako kwa namna moja kila unapoulizwa. Uwe na kadi ya benki ya kulipia ada, miwani kama daktari amekwisha kukuandikia, na viatu vyenye soli nyembamba vinavyofungika vizuri. Fedha nazo zipangie mapema: ukijumlisha ada za serikali na masomo, kwa kawaida gharama inapindukia pauni 1,000, na sehemu kubwa yake ni masomo.

Hatua kwa hatua

1. Jiandae ukiwa bado nyumbani.

Hakikisha leseni yako ya Zanzibar haiko karibu kumalizika muda, kwa sababu kuihuisha ukiwa mbali ni usumbufu mkubwa. Pima macho. Mtihani wa Uingereza huanza kwa kukutaka usome namba ya gari iliyoegeshwa umbali wa mita 20, na asiyeweza kuisoma hufelishwa hapo hapo, kabla hata ya kuwasha gari. Jipime mwenyewe: simama hatua 25 hivi kutoka kwenye gari iliyoegeshwa na uisome namba yake kwa sauti. Ukibabaika, nenda kwa daktari wa macho kabla ya safari.

Kama umezoea otomatiki peke yake, na gari nyingi zinazoletwa kwetu kutoka Japan ni za namna hiyo, omba jamaa mwenye gari ya gia akufundishe klachi katika uwanja mtupu. Kazi hiyo ukiifanya huku haikugharimu chochote isipokuwa mafuta. Ukiifanya huko unailipia kwa saa.

2. Omba leseni ya lena mara tu unapostahiki.

Leseni hii hutolewa na DVLA, wakala wa serikali wa leseni za madereva. Ombi la mtandaoni ni pauni 34 na la posta ni pauni 43, na fomu ya posta inaitwa D1, nayo hupatikana katika ofisi nyingi za posta. Lazima uwe na ruhusa ya kuishi nchini kwa muda usiopungua siku 185, na siku ya mtihani wa barabarani lazima uwe umekwisha kuishi huko siku 185 ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Kwa hivyo aliyewasili mwezi uliopita anaweza kujifunza, lakini hawezi kutahiniwa.

Angalia sana jina. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu, na mara nyingine cheti kina majina mawili wakati pasipoti ina matatu. Liandike jina kama lilivyo katika pasipoti, na ulitumie hilo hilo katika kila ombi litakalofuata. Jina likitofautiana baina ya leseni na ombi la mtihani, unaweza kurudishwa mlangoni na ada ikapotea.

Kuchukua lena mapema hakukuondolei haki yako ya miezi 12. Maadamu muda huo haujesha na leseni yako ya nyumbani ni halali, si lazima ufuate masharti ya lena, yaliyotajwa katika hatua ya 6. Siku muda unapokwisha, masharti yote yanaanza kukuhusu.

3. Soma nadharia, na uisome kwa Kiingereza.

Tangu Aprili 2014 mtihani wa nadharia haufanywi tena kwa lugha za kigeni wala kwa mkalimani. Lugha ni Kiingereza au Kiwelisi, ingawa unaweza kuomba usomewe maswali kwa Kiingereza kupitia vipokea sauti, nami ninawashauri hivyo wale wanaoelewa kwa kusikia kuliko kwa kusoma. Tengeneza daftari lenye safu mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na uandike humo kila neno la barabarani unalokutana nalo. Watu wanaojua jibu sahihi hulikosa kwa sababu hawakuelewa neno moja katika swali.

Mtihani unagharimu pauni 23 na una sehemu mbili zinazofanywa siku moja. Ya kwanza ni maswali 50 ya kuchagua jibu, kwa dakika 57, na anayefaulu ni aliyepata 43 au zaidi. Msingi wake ni kitabu rasmi cha kanuni za barabarani, Highway Code, ambacho kinasomwa bure mtandaoni. Ya pili ni vipande 14 vya video vinavyoonesha barabara kama unavyoiona ukiwa kwenye usukani, nawe unabonyeza mara unapoona hatari inaanza kujitokeza: mtoto anayekaribia ukingo wa njia, gari inayotaka kutoka kwenye maegesho. Hatari zote ni 15, kila moja ina alama zisizozidi 5, jumla 75, na wa kufaulu anahitaji 44. Lazima ufaulu sehemu zote mbili kwa pamoja.

Onyo: usibonyeze ovyo kwa kudhani utaipata hatari kwa bahati. Kompyuta hutambua kubonyeza kwa mfululizo, na kipande hicho kinapewa sifuri.

Matokeo ya kufaulu hudumu miaka 2 tu. Usipofaulu mtihani wa barabarani ndani ya muda huo, unarudi kwenye nadharia. Kwa hiyo usiifanye nadharia kisha ukakaa; anza masomo ya barabarani wakati ule ule unapoisoma.

4. Chagua aina ya gari, kisha mwalimu.

Aliyefaulu kwa gari ya otomatiki anaruhusiwa kuendesha otomatiki tu. Aliyefaulu kwa gari ya gia anaendesha zote mbili. Rai yangu ni kwamba kama kazi yako inaweza kukutaka uendeshe gari ya ofisi, kama wanavyofanya wanaohudumia wazee majumbani na wanaopeleka mizigo, jitahidi na gia. Kama hujawahi kugusa klachi, una watoto wadogo na unataka tu kufika kazini na kwenye skuli yao, chukua otomatiki bila ya kuona haya, kwani akili yako itabaki kwenye barabara badala ya kwenye mguu wa kushoto.

Mwalimu aliyesajiliwa huweka beji ya kijani kwenye kioo cha mbele, na aliyeko mafunzoni huweka ya waridi. Hao ndio wanaoruhusiwa kisheria kupokea malipo ya kufundisha. Ndugu au rafiki anaweza kukufundisha bure akitimiza masharti, lakini ukimlipa fedha mmevunja sheria, hata kama ni mtu wa kwenu na nia yake ni njema. Mwanamke anayependelea mwalimu mwanamke aulize mapema, maana wapo, ila katika baadhi ya miji huwa na orodha ndefu ya wanaosubiri.

Somo la kwanza mwambie mwalimu ukweli wote: umeendesha miaka mingapi, wapi, na gari gani. Mwombe akupeleke barabarani kama mtahini, bila ya kukusaidia, kisha akuandikie makosa. Orodha hiyo ndiyo ratiba yako. Mwalimu anayekuanzishia namna ya kushika usukani wakati umeendesha miaka 10 anakupotezea fedha, na asiyetaka kuona kosa lolote kwa sababu gari inakwenda vizuri anakupoteza zaidi.

5. Yafundishe macho upya.

Hatua hii ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Anza na vioo. Kabla ya kubadilisha mwendo au mwelekeo, mpangilio ni kioo, ishara, kisha kitendo. Tazama kioo cha ndani, kisha cha upande unaokwenda, ndipo uwashe indiketa. Unapoondoka ukingoni ongeza jambo moja: geuza kichwa utazame juu ya bega, kwenye eneo ambalo kioo hakilioni. Kwetu wengi huwasha indiketa na kutoka kwa pamoja, wakiamini aliye nyuma atapunguza. Huko kosa hilo likitendwa mara moja na mtu akalazimika kushika breki, mtihani umekwisha. Kugeuza jicho peke yake hakutoshi pia, kwa kuwa mtahini hawezi kuyaona macho yako vizuri. Kichwa kisogee kidogo ili aone kuwa umetazama.

Kisha kipilefti. Kanuni ni ile ile unayoijua, kwamba unawapisha wanaotoka kulia kwako, lakini utekelezaji unatofautiana. Mtu aliyeuzoea mzunguko wa Michenzani saa za watu kutoka kazini hujifunza kuingia pole pole, kichwa cha gari kikitangulia, mpaka apishwe. Huko husogei mpaka pengo liwe la kweli, na pengo likiwepo usisubiri. Chagua njia yako kabla ya kufika: kwa kawaida kushoto kwa anayekata kushoto na anayekwenda moja kwa moja, kulia kwa anayekata kulia, isipokuwa alama za barabarani zikisema vyengine. Ukipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, washa indiketa ya kushoto. Ukikosea njia usikate ghafla. Zunguka tena au tokea njia hiyo hiyo uliyomo, ukageuze mbele. Mtahini hakupi kosa kwa kupotea njia, anakupa kosa kwa namna ulivyojaribu kuirudia.

Waenda kwa miguu wana hadhi kubwa kuliko tulivyozoea. Tangu Januari 2022 kanuni zinasema kwamba unapokata kona, aliyeanza kuvuka au anayesubiri kuvuka barabara unayoiingia ndiye wa kupishwa. Kwenye zebra, ambayo utaijua mbali kwa nguzo zenye taa za njano za mviringo, punguza mwendo mapema na umpishe hata yule anayesubiri. Hata hivyo usimpungie mkono kumwita avuke. Kwetu huo ni uungwana, lakini huko unahesabika kuwa unamtia hatarini, kwa sababu gari inayokuja upande wa pili haikuiona ishara yako. Simama tu, naye ataamua.

Mwendesha baiskeli mpe nafasi isiyopungua mita 1.5 unapompita kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, na zaidi ukiwa kasi zaidi. Kama nafasi hiyo haipo, kaa nyuma yake.

Honi ni ya kumjuulisha mtu kuwa upo pale ambapo hakukuona. Hatumii mtu honi kusalimia wala kumhimiza aliye mbele, na katika maeneo ya makaazi ni marufuku kuipiga baina ya saa 5:30 usiku na saa 1 asubuhi. Wenyeji wa Darajani na Mwanakwerekwe mikono yao huiendea honi yenyewe. Mwombe mwalimu akukumbushe kila unapoigusa.

Spidi huhesabiwa kwa maili. Maili 30 kwa saa ni kama kilomita 48, na ndiyo spidi ya kawaida ya mitaa yenye taa za barabarani pale ambapo hakuna kibao kinachosema vyengine. Wales ilishusha kiwango hicho hadi maili 20 mwezi Septemba 2023. Barabara ya njia moja kila upande nje ya mji ni 60, na barabara kuu zilizogawanywa katikati ni 70. Hapa watu wetu hukosea kwa pande mbili: wengine huzidisha mjini, na wengine, kwa kuogopa, huenda 35 kwenye barabara ya 60. Hilo la pili nalo ni kosa la mtihani.

Liko jambo ambalo halimo katika mazoea yetu ya Wete wala ya Kiembesamaki: mitaa myembamba yenye gari zilizoegeshwa pande zote mbili, ikabaki nafasi ya gari moja tu katikati. Tazama mbele sana, tafuta pengo la kujibanza kabla hujakutana na mwenzako, na aliye na kizuizi upande wake ndiye asubiri. Fanya mazoezi ya mitaa hiyo mpaka uchoke nayo, kwani mtahini hatakosa kukupitisha humo.

6. Fanya mazoezi nje ya masomo.

Takwimu za DVSA, wakala wa mitihani hiyo, zinasema kwamba wanaofaulu huwa kwa wastani wamepata saa 45 za masomo na saa 22 za mazoezi binafsi. Aliyekwisha kuwa dereva huhitaji pungufu, lakini asijidanganye kwamba masomo mawili yanamtosha. Anayekaa nawe kwenye gari lazima awe amefika miaka 21 na awe na leseni kamili kwa miaka 3, tena ya aina ya gari mnayoitumia. Bandika kibao cheupe chenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, na hakikisha bima ya gari hiyo inakutaja wewe. Barabara kuu za kasi usiziingie ukiwa lena isipokuwa na mwalimu aliyesajiliwa, katika gari yenye breki za pande mbili.

Tafuta mazoezi ya giza na ya baridi. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na barafu nyembamba isiyoonekana inaweza kuurefusha umbali wa kusimama hadi mara kumi. Kwa maili 30 kwenye lami kavu gari inahitaji mita 23 mpaka isimame. Kwa maili 70 inahitaji mita 96.

7. Weka tarehe ya mtihani wa barabarani.

Ada ni pauni 62 siku za kazi, na pauni 75 kwa jioni, mwisho wa wiki na sikukuu. Katika miji mingi nafasi ni chache na kungoja kwa miezi ni jambo la kawaida, kwa hiyo weka tarehe mara tu unapofaulu nadharia. Ukitaka kuiahirisha bila ya kupoteza ada, fanya hivyo siku 10 kamili za kazi kabla.

Onyo: wapo madalali wanaouza nafasi kwa bei ya kuruka, na wapo wanaoahidi leseni bila ya mtihani au mtu wa kukufanyia mtihani kwa jina lako. Hilo la mwisho ni jinai inayofikisha watu jela, na kwa mtu anayeishi kwa viza madhara yake hayaishii barabarani.

Ukifunga Ramadhani, itazame kalenda kabla ya kuchagua saa. Asubuhi mapema baada ya daku ni bora kuliko alasiri ya siku ndefu, wakati mwili umechoka na akili imepungua kasi.

8. Siku ya mtihani.

Chukua kadi yako ya lena, ukiisahau hutahiniwi. Vaa nguo zisizonasa kwenye pedali. Kanuni zinataka mavazi na viatu visikuzuie kuendesha sawasawa, basi mwenye kanzu au buibui aikusanye vizuri magotini kabla ya kuwasha gari, na kandambili zibaki nyumbani.

Mtihani huchukua takriban dakika 40. Baada ya macho utaulizwa swali la usalama wa gari, kama vile namna ya kukagua mafuta ya injini, na jengine utalifanya ukiwa unaendesha, kama kuwasha kifuta kioo. Utafanya zoezi moja la kurudi nyuma au kuegesha, huenda ukatakiwa kusimama kwa dharura, na kwa sehemu ya safari utafuata alama za barabarani au kifaa cha kuongoza njia bila ya kuelekezwa. Makosa madogo yasiyozidi 15 hayakufelishi. Kosa moja kubwa au la hatari linakufelisha.

Usipoelewa agizo, mwambie mtahini arudie. Ni haki yako, na haikupunguzii kitu.

9. Miaka miwili ya mwanzo.

Ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu ufaulu, leseni inafutwa, nawe unarudi kwenye lena na mitihani yote miwili. Kushika simu mkononi ukiendesha ni pointi 6 kwa mara moja, pamoja na faini ya pauni 200. Simu moja kutoka nyumbani, ukaipokea kwenye mataa kwa kuwa gari imesimama, inatosha kuzirudisha juhudi zako zote nyuma. Waambie ndugu zako saa unazokuwa barabarani, na izime kabla ya kuondoka.

Ukikwama

Gari inazima kila mara unapoondoka. Kuzima kwenyewe ni kosa dogo. Kinachofelisha ni taharuki inayofuata. Vuta hendibreki, rudisha gia huru, washa, tazama vioo upya na uondoke. Mwalimu akuzimishe makusudi mazoezini mpaka hayo yawe mazoea.

Umefeli kwa kosa usiloliona. Omba ufafanuzi hapo hapo kwa mtahini, mwalimu wako akiwepo kusikiliza. Tarehe mpya inaanzia siku 10 za kazi baadaye. Somo la kwanza baada ya hapo lifanyike katika eneo lile lile ulilofelia.

Lafudhi ya mwalimu huifahamu. Kubalianeni maneno machache yasiyobadilika kwa kila agizo, na muda mliokubaliana ukipita bila ya nafuu, badilisha mwalimu. Watu wetu huona aibu kumwacha mtu waliyekwisha kumzoea, na aibu hiyo hulipiwa kwa pauni 30 hadi 45 kila saa.

Tarehe za mtihani hazipatikani. Tazama vituo vya miji midogo ya jirani, na ingia katika tovuti rasmi mara kwa mara, kwa kuwa watu huahirisha kila siku. Ukienda kituo cha mbali, lipia walau somo moja katika barabara zake kabla.

Bima ni ghali mno. Dereva mpya hutozwa sana, na uzoefu wa Zanzibar kampuni nyingi haziuhesabu. Tafuta gari yenye injini ndogo, linganisha kampuni kadhaa, na uulize bima inayotumia kifaa cha kupima uendeshaji wako. Usikubali kuandikisha gari yako kwa jina la mtu mwengine ili bei ishuke, kwani hiyo ni hadaa, na siku ya ajali hakuna atakayelipwa.

Miezi 12 imekwisha na bado hujafaulu. Siku hiyo hiyo acha kuendesha peke yako. Bandika kibao cha L, panda na mtu mwenye sifa zilizotajwa katika hatua ya 6, na uijuulishe kampuni ya bima kuwa sasa wewe ni lena kabla ya kuwasha gari tena.